Makava ya usukani ya mama fundi viti wa Njombe: msimu wa pili wa baridi

Nabeba maziwa. Keni mbili za lita 40, moja kila upande wa pikipiki yangu ya Boxer, kutoka vijiji vya upande wa Uwemba mpaka Njombe mjini. Natoka nyumbani saa kumi na moja kasoro alfajiri, na kuanzia Juni mpaka Agosti hakuna saa yenye baridi kuzidi hiyo. Njombe iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku ukiwa mweupe, nyota zimejaa na upepo umetulia, ukilala ujue kabisa kwamba asubuhi utakuta sakitu, ule umande ulioganda, juu ya majani ya viazi, na wewe utapita hapo na pikipiki.

Naandika kuhusu makava ya usukani wa pikipiki, mifuko ya kuziba mikono isipigwe na upepo, niliyoshonewa na mama mmoja fundi viti pale mjini. Nimeyatumia Julai nzima ya mwaka jana, na mwaka huu yameingia msimu wa pili. Kabla yake nilitumia miaka minne na hela nyingi kutafuta namna ya kuzuia mikono isigande, kwa hiyo naomba nianzie huko.

Kilichonitisha ni asubuhi moja kabla sijayapata. Nilikuwa natokea barabara ya vumbi kuingia lami, na lori la mbao linakuja kutoka kulia. Nikataka kubana klachi. Vidole havikubana. Nilikuwa naviona pale, vimelala juu ya chuma, lakini vilikuwa kama vya mtu mwingine. Mkono wa breki ya mbele nao hivyohivyo. Nilikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote, injini ikazimika, gurudumu la mbele likiwa limeshagusa lami. Lori likapita. Nilikaa pembeni na mikono kwapani, na damu ilipoanza kurudi yakaja yale maumivu ambayo kila dereva wa huku anayajua, kama kucha zinang'olewa kutoka ndani. Nilipofika kupokelea maziwa nikashika laktomita, kile kipimo cha maziwa, kuipima keni ya kwanza, ikanidondoka ikavunjika. Nililipa.

Nilianza na glavu za mtumba, zile nene za watu wa kuteleza kwenye theluji. Sokoni nilizipata kwa 7,000. Ni nzuri ukiwa umesimama. Ukiwa unaendesha, upepo unapenya kwenye mishono ya vidole, na unene wake unakufanya uvute mafuta bila kuhisi umevuta kiasi gani. Zaidi ya hapo, zikilowa umande zinakaa na maji siku nzima, na maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa kavu. Glavu iliyolowa ni afadhali uivue. Na ole wako uimwagikie petroli sheli. Petroli inakauka upesi, na inapokauka inachukua joto la ngozi. Kidole kilichoguswa na petroli alfajiri ya Julai kinakufa ganzi hapohapo.

Wengine walikuwa wanafunga mifuko ya plastiki juu ya glavu, mpaka mifuko ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Baada ya hapo tukajaribu glavu za hospitali kwa ndani. Upepo zinazuia, ila mkono unatoka jasho, na baada ya kilomita kumi jasho lenyewe linageuka baridi. Nimejaribu za ngozi za wachomeleaji pia. Zinakauka zikawa ngumu kama kwato.

Kuna mwenzangu aliagiza mipira ya kushikia usukani inayopata moto kwa umeme. Sitaki kuisema vibaya, mikono yake ilipata joto kweli. Lakini mipira ya namna hiyo ikiwashwa mwisho inakula kama wati 40, wakati balbu ya taa kubwa ya pikipiki zetu ni wati 35. Umeme unaotengenezwa na injini ndogo hautoshi kulisha vyote viwili gizani ukiwa unatembea polepole kwenye vumbi. Betri ilikuwa inaisha, akawa kila asubuhi anapiga kiki tu. Halafu mipira ile inapasha kiganja, na upepo unapiga mgongo wa mkono. Kwenye pikipiki kubwa za Ulaya nadhani ni kitu kizuri. Kwa Boxer iliyobeba maziwa, hapana.

Nilichokuwa sijakielewa miaka yote hiyo ni kwamba adui ni upepo. Watu wa hali ya hewa wana hesabu yao: hewa ikiwa nyuzi 5 na wewe unakwenda kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile umesimama mahali palipotulia penye nyuzi 1 chini ya sifuri. Sasa sisi tunaongeza unene wa glavu wakati upepo tumeuachia mlango wazi. Jambo la pili ni kifua. Mwili ukihisi kifua kinapoa, unabana mishipa ya damu ya mikononi ili joto libaki kwenye moyo na mapafu. Ndiyo maana wazee wa bodaboda wa huku wanavaa koti kinyume, zipu mgongoni. Vijana wanaona ushamba, lakini ukiziba kifua vidole vinapona nusu kabla hujavaa chochote mkononi.

Basi, mama fundi. Kazi yake ni kushona viti vya pikipiki na vya gari, na cherehani yake iko nyuma ya soko, kwenye kibanda cha mabati. Nilimkuta anabandua kiti cha gari la Noah.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kiti kimechanika?"

"Hapana mama. Nataka unitengenezee kitu cha kuziba mikono kwenye usukani."

Nilikuwa nimebeba picha kwenye simu. Aliitazama mara moja akairudisha. Akaniambia nipande juu ya pikipiki nishike kama naendesha, na koti langu la asubuhi nilivae, siyo shati. Akapima kutoka ncha ya mkono wa klachi mpaka katikati ya kigasha. Akanizungushia futi kwenye mkono wa koti, kisha akaongeza vidole vinne. Nikamwambia, mama, hapo si upepo utaingia? Akasema: "Nikikubana, siku ukianguka mkono unabaki humo na pikipiki inakuburuta. Mdomo lazima uwe mpana, mkono utoke wenyewe." Mimi niliyeendesha miaka kumi na moja sikuwa nimeliwaza hilo, na yeye pikipiki hapandi hata ya abiria.

Alichukua siku mbili na shilingi 28,000. Kwa nje ni turubai zito la lori, la bluu. Katikati ni sponji nyembamba ya mabaki ya viti. Ndani ni blanketi lenye manyoya, na manyoya yameelekea kwenye mkono. Mdomo wa kava ameuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, ndiyo unaofanya mdomo ubaki wazi usilale, kwa hiyo mkono unaingia gizani bila kutafuta njia. Shingo ya saitimira inapita kwenye tundu lililozungushiwa ngozi, na pembeni kuna mkato unaofungwa kwa ile kitu ya kunata kama ya viatu vya watoto, ili ulivue kava bila kufungua kioo. Chini kabisa, mahali ambapo maji yangekusanyika, ametoboa tundu dogo akalipiga pete ya chuma. Nilimuuliza la nini. Akasema mvua ikiingia itoke.

Asubuhi ya kwanza nilivaa glavu nyembamba tu za sufu, za 2,000. Kilomita tano za mwanzo sikuamini, nilikuwa nasubiri ganzi ianze kwenye kidole kidogo cha kushoto, maana kwangu ndicho kinachoanza. Haikuanza. Upepo nilikuwa nausikia unapiga turubai, unapiga kifua, unapita masikioni, ila ndani ya kava hewa imetulia kama chini ya blanketi. Nilipofika nikafungua kifuniko cha keni kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimezoea kumwomba kijana wa pale anifungulie.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni kubwa, kwa hiyo isomeni vizuri hasa mnaotaka kujishonea wenyewe. Siku ya tatu, kwenye mteremko, nilipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa nikahisi pikipiki imekuwa nzito, kama kuna mtu anaivuta kwa nyuma. Nikipunguza mwendo inaachia, nikiongeza inashika. Nikasimama nikagusa habu ya gurudumu la mbele, ya moto. Kumbe upepo ulikuwa unalisukuma turubai kwa mbele, turubai linasukuma mkono wa breki, na breki inashika kidogokidogo bila mimi kuibana. Kwenye utelezi hilo lingeniangusha. Nilirudi kwa mama siku ileile. Hakubishana. Alichukua dumu kuukuu la mafuta ya kula, akakata upande mmoja, akaukunja kwenye mvuke wa sufuria ukapata tumbo, akaushona kati ya turubai na sponji kwa mbele. Sasa kava linasimama kama ganda la kobe, na kati yake na mkono wa breki kuna nafasi ya vidole viwili. Hakunidai hela. Ukienda kwake leo, plastiki hiyo anaiweka tangu mwanzo.

Ya pili, huoni swichi. Honi, indiketa, taa, vyote viko ndani na unavitafuta kwa kidole gumba. Nilikaa jioni mbili uani, pikipiki imezimwa, macho nimefumba, nabonyeza kimoja baada ya kingine. Anayeendesha mjini mchana kutwa, anapiga honi kila hatua na kupokea nauli kila kona, yatamchosha. Haya ni ya safari ndefu ya asubuhi.

Ya tatu ni uzi. Kava la kulia alilishona kwa uzi wa nailoni, la kushoto uzi uliisha akamalizia wa pamba. Wa pamba ulioza kabla ya Septemba. Amerudia kwa nailoni na umeshika mpaka leo, ila mwambieni mapema.

Mvua nayo: turubai halipitishi, ila blanketi linalowa kupitia mdomoni, na likilowa linataka siku mbili za jua kukauka. Julai mvua si shida kwetu. Msimu wa mvua nayavua nayaning'iniza jikoni.

Jaribio lililonimalizia ubishi lilikuwa Agosti iliyopita. Nilikwenda Kitulo na mfugaji mwenzangu kuulizia mitamba kwenye lile shamba la serikali la mifugo. Nyanda za Kitulo zinapita mita 2,600, ni majani matupu mpaka macho yanapoishia, hakuna mti wa kukukinga. Wanaokwenda kuangalia maua wanakwenda wakati wa mvua. Agosti unakuta nyasi kavu na upepo. Mwenzangu alikuwa na glavu mpya kabisa za pikipiki, za bei, za kununua Dar es Salaam. Baada ya Makete mjini alisimama mara tatu kuzungusha mikono kama feni ili damu ishuke kwenye vidole. Mara ya tatu aliisogeza mikono kwenye injini, nikamvuta. Msifanye hivyo kamwe. Kidole chenye ganzi hakisikii moto. Mimi mwenyewe nina alama ya ekzosi kwenye kidole cha shahada, niliisikia harufu kabla ya maumivu. Nikamwambia tubadilishane pikipiki. Baada ya kilomita kama kumi akasimama, akafungua kioo cha helmeti.

"Kaka, kitu hiki umenificha muda wote huu?"

Sikuwa nimemficha. Nilidhani kila mtu ameyaona yakiwa kwenye usukani wangu, makubwa ya bluu, akaamua hayapendi. Kumbe watu walidhani ni ya kuzuia vumbi. Ndiyo sababu nimeandika.

Kama utayatengeneza, usiache glavu nyembamba. Tairi likipasuka njiani utatoa mikono humo na utafungua nati za baridi ukiwa huna kitu. Na mwanzoni, kabla ya kupakia mzigo, zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho uone kama kava halivuti waya wa klachi wala waya wa mafuta. Langu la kulia lilikuwa linagusa tangi kidogo, tukapunguza sentimita mbili.

Wiki hii nimewapeleka kwa mama vijana wawili wa kijiweni. Mmoja ana TVS na alikuwa ameandika vipimo kwenye karatasi. Mama ameikataa karatasi, amemwambia alete pikipiki na koti analovaa alfajiri. Jumamosi yanakuwa tayari.