Glavu ya roboti: miezi minne mkononi mwa binti yangu

Binti yangu ana miaka 9. Malaria ilimpanda kichwani akiwa na miaka 2, na tangu hapo mkono wake wa kushoto umejifunga ngumi, gumba likiwa ndani. Glavu hii niliiagiza China kupitia wakala wa Kariakoo. Niliipokea stendi ya Nyegezi, jumla shilingi 320,000 na usafiri.

Ndani ya boksi kuna pampu ndogo ya kuchaji, glavu yenye mirija mgongoni mwa vidole, na glavu nyingine nyepesi ya kuvaa mkono usio na tatizo. Pampu ikisukuma hewa vidole vinakunjika, ikivuta vinanyooka. Chaji inavumilia, umeme ukikatika jioni tunaendelea.

Mwanzo niliiacha ijiendeshe yenyewe. Mtoto anaangalia katuni, mkono unafunguka na kufumba bila yeye kuhangaika. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia alipoona akanikatalia: "Mama, hapo anayefanya mazoezi ni pampu. Ubongo unajifunza pale mtoto mwenyewe anapojaribu." Akanieleza kwamba hata mashine kubwa kama Armeo Spring ya Uswisi hubeba uzito wa mkono tu, mtoto ndiye anayeusogeza akicheza mchezo kwenye skrini.

Tukahamia kwenye mazoezi ya kioo, yaani glavu ya kushoto inaiga anachofanya mkono wa kulia. Akifungua mkono wa kulia wenye glavu nyepesi, wa kushoto nao unafunguka, naye anajitahidi kuusindikiza. Mimi nakaanga sato, ndimu hazikosekani nyumbani, basi kazi yake ni kushika ndimu na kuiachia kwenye bakuli. Mara 40, anapumzika, mara 40 tena. Kabla ya hapo namloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu na kumnyoosha taratibu, la sivyo misuli inakaza na analia.

Wazazi wenzangu, angalieni saizi. Ndogo kabisa bado ni kubwa kwake, gumba linachomoka. Nimeshonea mkanda wa kunata wa kiatu chakavu. Mwezi wa tatu mrija mmoja ulipasuka, muuzaji hana vipuri, nikauziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hilo limeniudhi sana.

Kwa kioo naipa nyota 4. Kama unataka ya kujiendesha tu, usitoe hela yako.

Jumapili alikoroga uji kwa kulia, kushoto ameshikilia mpini wa sufuria. Glavu ilikuwa kwenye chaji.