Kadi za miti: karatasi nzuri, miti ya wengine

Kadi hizi za kumfundisha mtoto kutambua miti nilizinunua faranga 25.000 katika duka la vifaa vya shule, hapa Lubumbashi mjini. Ni ngumu kweli: zimemwagiwa chai mara mbili na hazijakunjika. Lakini miti yenyewe! Mwaloni, msonobari, ya Ulaya tupu. Binti yangu wa miaka 7 alisimama nazo chini ya mwembe wetu: “Mama, huu wetu hawakuuona?”

Kilichoniokoa ni maelezo ya nyuma: tazama jani, gome, tunda. Tukatoka barabarani. Jakaranda na flamboyanti majani yanafanana, yote kama manyoya. Hata mimi nilikuwa nachanganya. Tukaokota maganda. La jakaranda ni bapa, la mviringo, likikauka hupasuka kama mdomo. La flamboyanti ni refu kama ala ya panga, ukilitikisa mbegu zinalia. Sasa hakosei, na ananisahihisha mbele ya majirani.

Nilimwuliza muuzaji kama zipo zenye msuku au mlombwa, miti ya kwetu. Akacheka: “Mama, zinakuja hivyo hivyo.”

Juu ya kadi ya mwaloni tumebandika jani la mpera.