Uzoefu wangu: intigreta za The Analog Thing, dagaa na migebuka

The Analog Thing ni kompyuta ya analogia ya mezani (inakokotoa kwa volti zinazopanda na kushuka), imetengenezwa Ujerumani na kampuni ya anabrid. Inatumia volti 5 za USB-C, kwa hiyo hapa Kigoma umeme ukikatika pawabenki inatosha kuiendesha. Paneli ina intigreta 5, vijumlishi 4, vigeuza alama 4, vizidishi 2, vilinganishi 2 na potenshiometa 8 (vitufe vya kuzungusha vinavyozidisha volti kwa namba kati ya 0 na 1). Programu yake ni nyaya unazochomeka, basi. Naipa nyota nne kati ya tano, lakini makosa karibu yote ya mtumiaji mpya yanaanzia kwenye intigreta, kwa hiyo nitakaa hapo.

Intigreta inajumlisha yote yaliyochomekwa kwenye matundu yake, inayalimbikiza kadiri muda unavyopita, kisha inatoa jibu likiwa limegeuzwa alama. Ukiipa kasi ya ongezeko la x, inakupa hasi x. Thamani ya kuanzia, ile ya tundu la IC, nayo inageuzwa. Ukisahau hilo, mzunguko uliotakiwa kujirudisha unajisukuma wenyewe mpaka inawaka taa ya kuonya kwamba volti zimepita kikomo. Namba 1 ya hesabu ni volti 10 za mashine, na kila kitu lazima kikae kati ya hasi 1 na chanya 1.

Mfano ninaoupenda ni wa Ziwa Tanganyika: dagaa wanazaliana, migebuka wanawala, na migebuka wakikosa dagaa wanapungua. Dagaa ni d, migebuka ni m. Intigreta ya kwanza itoe hasi d, ya pili hasi m. Zipeleke zote mbili kwenye kizidishi. Hasi kwa hasi inakupa chanya dm (d mara m) bila kazi ya ziada. Geuza hasi d iwe d, ipitishe potenshiometa ya 0.9, iingie tundu la 1 la intigreta ya dagaa. Geuza dm, ipitishe potenshiometa ya 0.3, iingie tundu la 10 la intigreta hiyohiyo. Tundu la 10 linazidisha mara kumi, hivyo 0.3 inafanya kazi ya 3. Upande wa migebuka hakuna cha kugeuza: hasi m kupitia 0.9 kwenye tundu la 1, dm kupitia 0.3 kwenye tundu la 10. IC unazichukua kutoka chanya 1 kupitia potenshiometa mbili, 0.6 ya dagaa na 0.3 ya migebuka.

Ukifika OP (hali ya kukokotoa), kila upande unapanda hadi karibu volti 6 na kushuka hadi karibu 1.2 (volti zitasomeka hasi, kwa sababu ya ule ugeuzaji), migebuka wakichelewa nyuma ya dagaa. Kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye kioo), dagaa wakiwa X na migebuka Y, linatokea umbo la yai lililobonyea. Yai likitoka na umbo tofauti kabisa, tazama kwanza kasi ya intigreta. Kila moja ina kapasita mbili (vifaa vinavyotunza chaji, ndivyo vinavyolimbikiza), ya haraka na ya polepole. Moja ikiwa haraka na nyingine polepole, mashine inakokotoa mlinganyo mwingine kabisa na haikuambii.

Potenshiometa zipimwe kwenye COEFF (hali ya kusoma thamani zake) baada ya nyaya zote kuchomekwa, kamwe si kabla. Rezista ya tundu inaivuta chini: potenshiometa ya kiloohm 10 iliyowekwa 0.300, ikibebeshwa kiloohm 100, inashuka hadi takribani 0.294. Na usiunganishe matokeo mawili kwenye waya mmoja. Kujumlisha kunafanyika kwenye matundu ya kuingizia.

Miezi ya mvua jaribu HALT (hali ya kusimamisha hesabu). Namba kwenye kioo inatakiwa kutulia. Ikitambaa haraka, unyevu na vumbi vinapitisha umeme kidogo juu ya ubao na kapasita inavuja. Futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, acha ikauke kabisa.

Nyota niliyoikata ni ya potenshiometa: 8 zinaisha haraka. Mfano huu umeshakula 6. Mbili zilizobaki ziwe wavuvi wa taa, 0.1 kila moja: hasi d bila kugeuzwa kwenye tundu la 1 la dagaa, hasi m kwenye la migebuka. Wastani wa dagaa, uliokuwa volti 3, unapanda hadi 3.33, na wa migebuka unashuka hadi 2.67. Ndilo jambo mwanahisabati Mwitaliano Vito Volterra alilolieleza mwaka 1926 kuhusu samaki wa Adriatiki: ukivua wote kwa kiwango kimoja, anayeliwa ndiye anayefaidi.