Mungu mwingine wa Kisumu: uzoefu wangu wa kusoma Kiebrania chuoni

Karo na masharti ya kujiunga nendeni mkaulize ofisini. Mimi nina kisa cha fotokopi.

Nilijiunga na darasa la jioni la Kiebrania kwenye kampasi moja hapa Kisumu, mwaka juzi hivi, mvua ndefu zikianza. Nafundisha shule ya Jumapili, na nilikuwa nimechoshwa na wahubiri wa "kwa Kiebrania neno hili maana yake ni..." nami sina la kuwajibu.

Kitabu hakuna. Tulipewa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, iliyotolewa na kijana wa nje ya geti. Sasa Kiebrania kina herufi 22, zote konsonanti. Irabu ni vinukta na vistari tu, vingi vikikaa chini ya herufi. Wataalamu wa Tiberia, mji ulio kando ya Ziwa la Galilaya, walituwekea alama hizo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita ili msomaji asipotee. Sisi huku kando ya ziwa letu, mashine ikazifuta. Pengine ikaongeza zake: doa moja la wino nililisoma kama "i" wiki mbili nzima!

Wiki ya tano, au ya sita, nikaitwa ubaoni niandike Kumbukumbu la Torati 6:4, "Sikia, Ee Israeli". Aya hiyo naijua tangu utotoni, lakini mkono ulifuata karatasi. Neno lake la mwisho ni ekhad, "mmoja": alef, khet, dalet. Dalet na resh ni kama mapacha, tofauti yao ni kijipembe cha kisogoni, na fotokopi ilikuwa imekila. Nikaandika resh. Ekhad ikawa akher, yaani "mwingine".

Mwalimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akaweka chaki chini. "Mama, umetuletea Mungu mwingine hapa Kisumu." Darasa zima likaangua kicheko, na hapo hata mimi ningecheka. Lakini akaendelea: "Hii lugha si ya kila mtu. Kwani nyumbani hakuna kazi?" Nikamwonyesha karatasi. Hakuitazama. Sifuri.

Nilitembea mpaka Kondele kwa miguu, makonda wakiniita nipande nami siwasikii.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule kijana wa geti, maana yeye aliniomba radhi.

Ila ngojeni. Usiku ule usingizi ulikataa, nikawa natafuta kwenye simu picha za Biblia ya Kiebrania. Kumbe katika aya ile ile waandishi wa kale waliikuza dalet ya ekhad ikapita herufi za jirani. Tena kwenye Kutoka 34:14, panapokatazwa kumsujudia mungu mwingine, resh ya akher nayo imekuzwa. Wengi hueleza kwamba ni kuzuia mtu asichanganye. Kosa langu lilishaogopwa na watu waliokesha na kalamu karne na karne! Na huyu bwana, mwenye shahada yake, hakutaja hata neno. Nilikasirika upya, lakini huku nikicheka peke yangu kitandani.

Kwa hiyo sijui. Lugha yenyewe naipa tano. Siku nilipogundua kwamba katav, "aliandika", imebeba k-t-b zile zile zilizotujia kwa Kiarabu katika kitabu, katibu na maktaba, nilimsimulia hadi mwenye bodaboda. Hesabu nazo: shesh, sheva, tesha. Sita, saba, tisa! Hilo pia sikufundishwa, nililiokota mwenyewe. Basi nyota tatu. Mbili na nusu, nikikumbuka lile la kazi za nyumbani.

Mpaka leo mwalimu hajaniomba radhi. Nimelipia semista ya pili, na nimejinunulia Biblia ya Kiebrania yenye chapa safi, kila nukta mahali pake. Wiki jana alinifuata mlangoni: "Mama, naomba uniazime hiyo nikatoe fotokopi." Nimemwambia nitafikiria.