Programu ya kuigiza mageuzi ya viumbe kwenye simu: nyota nne, ya tano wameiharibu wenyewe

Kama ulisoma mambo ya jeni ukaishia kukariri tu, ipakue hii. Unachagua idadi ya viumbe, unawapa rangi, unaweka adui wa kuwala halafu unakaa pembeni unaangalia vizazi vinavyopita na grafu inavyopanda na kushuka.

Jaribu kwanza kuwapa wote jeni moja ya rangi nyeupe na uzime myutesheni (yale mabadiliko yanayotokea kwenye DNA), halafu wahamishe kutoka kwenye mchanga mweupe uwapeleke kwenye mwamba mweusi na adui umwongeze. Wanaliwa tu. Grafu ya rangi imelala kama mstari wa rula hadi wanaisha, maana uteuzi asilia, yaani wanaofaa mazingira kubaki na kuzaa zaidi, utachagua nini na wote wamefanana? Sasa anza upya uchanganye weusi wawili watatu kwenye mia, subiri kidogo, weusi wameshajaa skrini.

Ila utamu wenyewe uko kwenye idadi. Weka viumbe 20, aleli mbili (yaani matoleo mawili ya jeni ileile) nusu kwa nusu, adui hakuna, faida hakuna wala hasara hakuna, utadhani zitabaki hivyohivyo, wapi! Mara nyingi kabla ya kizazi cha 100 moja imeshapotea jumla, ni bahati tu ya nani kazaa na nani hakuzaa. Weka 2,000 uendeshe vizazi vilevile, zote mbili bado zipo. Ndo maana wanyama waliobaki wachache wanatia wasiwasi hata kama wanaonekana wana afya, ugonjwa mpya ukiingia huenda hakuna hata mmoja mwenye jeni ya kuuhimili.

Kuna na sehemu ya seli mundu, wameifanya vizuri sana. Herufi moja tu ya DNA imebadilika kwenye jeni ya himoglobini, ukirithi nakala mbili unaumwa, ukirithi moja unapata kinga dhidi ya malaria kali. Ukiwasha malaria ile aleli inatulia katikati, haimalizi wenzake na yenyewe haiishi. Ukizima inashuka, ila polepole mno kwa sababu imejificha kwa wenye nakala moja, ambao hawaumwi.

Sasa kilichonikera. Kila ukibadilisha mazingira inakuja meseji eti "viumbe wamejibu kwa myutesheni mpya". Jamani hapana! Myutesheni haisubiri kuitwa. Wanasayansi Luria na Delbrück walishalionyesha hili mwaka 1943, walikuza bakteria kwenye mirija mingi tofauti ndo wakawawekea virusi vinavyoua bakteria, mirija mingine ikatoa bakteria sugu wengi kupindukia na mingine hakuna hata mmoja, wakati kama virusi ndo vingekuwa vinasababisha ule usugu basi namba zingekaribiana. Yaani sugu walikuwepo kabla virusi havijafika. Na cha ajabu ni kwamba programu yenyewe kwa ndani inahesabu sawasawa, fungua kumbukumbu ya vizazi utaona myutesheni zinaingia muda wote, nyingi hazina faida yoyote, kwa hiyo kosa liko kwa aliyeandika meseji na mwanafunzi ataondoka na hiyo meseji.

Mengine ni madogo madogo, inakula chaji balaa, na ukizidisha viumbe simu inaganda, kwa hiyo sevu kabla hujaongeza idadi.