Zawose kazimwa mbele ya wakwe: uzoefu wangu na albamu ya Assembly

Nimekaa niandike kuhusu albamu, na nitaiandika, lakini ngoja kwanza nimtoe dijei kifuani.

Mdogo wangu kaolewa na Mgogo. Sendofu tukaifanyia hapahapa Bagamoyo, juzijuzi, kabla masika hayajachanganya. Nikawaza: wakwe wanatoka Dodoma, safari yote ile, halafu wakiingia ukumbini wapokewe na singeli kama wamevamiwa? Nikachagua Assembly, ile ya mwaka 2002 aliyoifanya marehemu Hukwe Zawose na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mgogo aliyehamia Bagamoyo, akafundisha chuo cha sanaa hapa, akafia hapa mwaka 2003. Kwa shughuli yetu ungetafuta nini tena? Nikaitia kwenye fleshi, nikampa dijei mkononi tangu mchana, nikamwelekeza wimbo. "Poa, sista."

Wakwe wakafika mlangoni. Mshereheshaji akawapigia "Mbukwenyi!", wakaitikia kwa vicheko, muziki ukaachiwa. Akina mama wa upande wa bwana harusi wakaanza kutikisa mabega hata kizingiti hawajavuka. Mimi machozi yananilenga. Hazikufika hatua kumi, kimya. Dijei kazima, kashika maiki: "Samahani wageni waalikwa, faili la familia ni bovu, linakwaruza, litanipasulia spika."

Faili la familia! Watu wazima na vitenge vyao wamesimama katikati ya ukumbi, mmoja mkono bado uko hewani. Kisha akaweka singeli.

Nikamfuata kule kwenye mashine zake. Kaka, haikwaruzi, ndivyo inavyolia. Hata uso hakuinua. "Sista, mimi kazi hii naijua, spika ikilia vile imekwisha. Nenda kakae."

Kwa asiyejua: ule mvumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, unawekwa makusudi. Ilimba, ala anayoipiga Zawose, ni kisanduku cha mbao chenye njiti za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba. Kwenye mbao hutobolewa tundu, na tundu linafunikwa utando wa buibui. Ukigusa chuma, utando unatetemeka, ndiyo sauti inapata ule ukali wa kukuna. Uondoe utando uone, utabaki na kengele ya baiskeli. Mtu kahangaika kumtafuta buibui ili chombo kilie, mwingine anakizima kwa sababu kimelia.

Wakati wa chakula mzee mmoja wa upande wao akanisogelea, sahani mkononi. "Binti, yule si Zawose? Mbona mmemkatiza?" Hatua chache zile, kamtambua. Nilikosa jibu, nikamwongezea nyama.

Usiku ule sikulala. Nikaisikiliza albamu yote upya kwenye redio ya mama, nikiwa na hasira zangu, na hasira zikahamia kwa Brook. Mbona kuna mahali besi na midundo ya mashine imejazana hadi ule utando umemezwa? Nikaiweka Chibite, aliyoitoa Zawose mwaka 1996 chini ya kampuni ileile, Real World ya Peter Gabriel. Kule hakuna cha mitambo, buibui unamsikia mmoja mmoja. Nikasema basi, Assembly ni Zawose aliyepigwa pasi ili Wazungu wamvae vizuri. Nyota mbili, na hizo ni za marehemu.

Lakini nikairudia alfajiri, kabla kuku hawajaanza fujo zao, sauti chini kabisa. Jamani. Sauti ya Zawose inaanzia kifuani inanguruma, mara imepanda huko juu utadhani kaingia mtoto studio, na gitaa la Brook halimfukuzi. Limetandikwa chini yake tu kama jamvi, yeye anakaa anapotaka. Kuna sehemu chuma cha ilimba na nyuzi za gitaa vinasugua pamoja hadi hujui kipi kimetoka Ugogoni na kipi kimechomekwa kwenye umeme. Ile pasi naifuta. Nyota nne. Na pale besi inapozidi, labda kosa ni la redio ya mama, ilishaanguka mara mbili.

Nikiwa mkweli, ukumbini pengine niliikosea mahali. Spika zile zimezoea kubomoa kuta, ukizipa kitu chembamba zinakitafuna. Dijei ana robo ya haki kwenye hilo. Robo... hata hiyo naitoa kwa shingo upande, maana angeweza kupunguza sauti, angeweza kuniita pembeni, angeweza kuwaacha watu wakafika kwenye viti vyao! Bagamoyo hii, ambako ukoo wa Zawose upo hadi leo na mabinti zao wametoa albamu ya Maisha juzi tu, mwaka 2024, unamzima mzee wao ukisema faili bovu?

Nunueni albamu. Nyota nne, au tano ukiwa peke yako.

Jana nilikwenda kuchukua fleshi yangu. Alikuwa anakula chapati, kanipa kwa mkono wa kushoto. Nimefika nyumbani naichomeka, tupu. Nikampigia simu.

"Nimekufutia virusi vyote, sista. Halafu usisahau salio langu."