Bei isiyosogea: tathmini ya hisa za kampuni ndogo katika dirisha la EGM

Siku niliponunua hisa 10,000 za kampuni moja ndogo iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, bei ilikuwa shilingi 500 kwa hisa moja. Miaka minne baadaye, nilipotaka kuziuza ili nilipe ada ya chuo ya binti yangu, orodha ya bei ya siku hiyo ilionyesha shilingi 500 ileile. Niliingia ofisini kwa dalali nikiamini kwamba mtaji wangu uko salama na kwamba nilichokosa ni faida tu. Dalali, kijana mpole aliyeniita mama katika kila sentensi, aligeuza kompyuta yake ili nami nione. Upande wa wauzaji maombi yalikuwa yamepangana kuanzia juu hadi chini, na upande wa wanunuzi hapakuwa na ombi hata moja. "Mama, hii bei ni ya mara ya mwisho hisa hizi zilipouzwa," akaniambia. "Na mara ya mwisho ni mwaka jana."

Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu tatizo nililokutana nalo si lake peke yake. Ninachotathmini hapa ni bidhaa: hisa za kampuni ndogo zinazouzwa kwa umma kupitia dirisha la Kukuza Ujasiriamali, yaani sehemu ya soko hilo iliyotengwa kwa kampuni ndogo na changa, ambalo madalali na wawekezaji wote hulitaja kwa kifupi cha Kiingereza, EGM (Enterprise Growth Market). Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeweka akiba yake kwa taabu, ambaye ameletewa fomu ya kununua hisa kanisani, kazini au kwenye kikundi, na anataka kujua anachonunua.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, TOL, ya gesi za viwandani. Dirisha la EGM lilikuja baadaye sana, mwaka 2013, na kampuni ya kwanza kuingia ilikuwa Maendeleo Bank, iliyoasisiwa na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kilutheri (KKKT). Zikafuata Swala, iliyokuwa ikitafuta mafuta na gesi, benki ya Mkombozi, yenye mizizi yake katika Kanisa Katoliki, Benki ya Mwalimu, iliyotokana na Chama cha Walimu, kisha benki za Yetu Microfinance na MUCOBA ya Mufindi. Soko kuu hudai kampuni iwe na historia ya kufanya biashara na kupata faida. Dirisha hili hukubali kampuni changa, hata ile ambayo ndiyo kwanza inafungua milango, mradi iwe na mpango wa biashara unaoeleweka na mshauri mteule wa kuisimamia katika masharti ya soko. Kwa hiyo hatari haikujificha. Iko ndani ya ufafanuzi wa bidhaa yenyewe, na waraka wa matarajio, yaani kitabu cha kukaribisha umma kununua hisa, huiandika waziwazi katika sura ambayo wengi wetu tuliiruka ili tufike kwenye ukurasa wa fomu.

Kuna mambo ambayo nayasifu kwa moyo mweupe. Kufungua akaunti ya hisa ni rahisi, na siku hizi mtu anaweza kununua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani bila kupanda basi kwenda mjini. Kodi ya zuio kwenye gawio, yaani kodi inayokatwa kwenye faida anayogawiwa mwenye hisa, kwa kampuni iliyoorodheshwa ni asilimia 5, wakati kwa kampuni isiyoorodheshwa ni asilimia 10. Zaidi ya hayo, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye zamani hakuwa na mahali pa kushika umiliki wa benki yoyote, leo anakaa kwenye mkutano mkuu na kumuuliza mwenyekiti wa bodi swali kwa Kiswahili na kujibiwa. Jambo hilo nalithamini, na ndilo linalonifanya nisiseme kwamba dirisha hili lifungwe.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote inakaa mahali ambapo mwekezaji mpya haangalii. Tumezoea kudhani kwamba hasara ya hisa huonekana: bei inashuka, unaumia, unaamua. Katika kampuni ndogo bei haishuki. Inasimama. Hisa zisipouzwa kwa wiki kumi na tano, bei ya kufunga soko inabaki ileile wiki zote hizo, na mtu anayesoma orodha gazetini anaona utulivu mahali ambapo hakuna soko. Mimi mwenyewe kwa miaka minne nilikuwa nikijumlisha hisa hizo katika daftari langu la akiba kama shilingi milioni 5 taslimu. Kumbe zilikuwa na thamani hiyo kwa sharti moja tu, kwamba nisijaribu kuziuza.

Nimefikiri sana kwa nini wanunuzi hawapo, na jibu nililolipata halikuwamo katika waraka wowote niliopewa. Kampuni nyingi za dirisha hili ziliuza hisa zao kwa kundi moja la watu: waumini wa dhehebu moja, walimu wa chama kimoja, wakazi wa wilaya moja. Wakati wa kukusanya mtaji hilo ni jambo la nguvu, maana kundi linaaminiana na fomu zinajaa haraka. Wakati wa kuuza linageuka kuwa tatizo, kwa kuwa watu wanaofanana huhitaji fedha kwa wakati mmoja na kwa sababu zilezile. Januari wote tuna ada. Msimu wa kilimo wote tunatafuta mbolea. Mtu pekee anayejua habari za hisa zako ni mwenzako aliyekaa nawe benchi moja, naye pia anatafuta wa kumuuzia. Taasisi kubwa, kama mifuko ya pensheni, haziji kununua vipande vidogo namna hiyo, kwa sababu nazo zingeshindwa kutoka.

Mtu akitaka kuona tofauti, aangalie benki ya CRDB. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150, na baadaye kulikuwa na kipindi kirefu ambapo bei ilikuwa chini ya hapo. Waliouza wakati ule walipata hasara, lakini waliuza; palikuwa na mnunuzi, na hasara ilikuwa na tarakimu inayojulikana. Vivyo hivyo, aliyeweka fedha katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS hahitaji kumtafuta mtu wa kununua vipande vyake, kwa sababu mfuko wenyewe unavinunua kwa thamani ya siku. Mwenye hisa za kampuni ndogo hana mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Hatari ya pili ni kwamba kampuni ndogo hutegemea jambo moja, na jambo hilo likiyumba hakuna la kulishikilia. Swala ilipokuja kwa umma mwaka 2014 kwa shilingi 500 kwa hisa, haikuwa na kisima kinachozalisha. Ilikuwa na leseni za kutafuta mafuta, ikiwemo ile ya bonde la Kilosa na Kilombero, na mwenye hisa alikuwa amenunua matumaini ya kijiolojia. Sisemi kwamba ni kosa kununua matumaini; ninasema ni bidhaa tofauti kabisa na kumiliki kiwanda cha bia au cha saruji, ingawa zote zinaitwa hisa na zote zinaandikwa kwenye orodha moja.

Benki ndogo nazo zina udhaifu wake. Benki Kuu huweka kiwango cha chini cha mtaji, na benki inayoshindwa kukifikia haipewi muda usio na mwisho. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Hizo hazikuwa kwenye dirisha la EGM, lakini wamiliki wao wengi walikuwa watu wa aina yetu. Desemba 2022 ilikuwa zamu ya kampuni iliyokuwamo ndani ya dirisha, pale Benki Kuu ilipoiweka Yetu Microfinance chini ya usimamizi wake. Hapo ndipo mtu anapaswa kuelewa foleni ilivyo. Mwenye amana analindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi kiwango fulani, ambacho wakati wa ufungaji wa 2018 kilikuwa shilingi 1,500,000. Wafanyakazi, serikali na wadai wengine wanafuata kwa utaratibu wa sheria. Mwenye hisa anasimama mwisho kabisa, na mara nyingi foleni inapomfikia sanduku limekwisha. Nimekutana na watu waliokuwa na akaunti na hisa katika benki moja wakiamini kwamba vyote viwili vina bima. Havina. Bima ni ya amana peke yake.

Kuna pia kupungua kwa fungu, jambo linalotokea kimyakimya. Kampuni changa inahitaji mtaji mara kwa mara, na njia ya kawaida ni kutoa hisa mpya ambazo wanahisa waliopo wanapewa nafasi ya kwanza kuzinunua. Tuseme kampuni ina hisa milioni 10 nawe unazo 10,000, yaani moja katika kila elfu. Ikitoa nyingine milioni 10 nawe huna fedha ya kununua fungu lako, unabaki na hisa zilezile 10,000, lakini sasa ni moja katika kila elfu mbili, na gawio likitangazwa litagawanywa hivyo. Aliyenunua hisa kwa fedha yake ya mwisho hujikuta katika hali hii, kwa sababu barua ya toleo jipya humfikia akiwa hana kitu.

Kuhusu taarifa nitaeleza nilichokiona. Kampuni yangu ilichelewesha hesabu zilizokaguliwa mwaka mmoja, ikaomba radhi, na mwaka uliofuata ikachelewesha tena. Mkutano mkuu ulifanyika katika ukumbi uliokodishwa, viti vya plastiki, maji ya chupa, na kitabu cha taarifa ya mwaka tulichogawiwa mlangoni tulipokuwa tukiingia. Mzee aliyekaa mbele yangu, mwalimu mstaafu, alivaa miwani yake na kuanza kusoma ukurasa wa mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, kwa kidole, mstari kwa mstari, na kabla hajamaliza ukurasa huo tukaambiwa tunyooshe mikono kupitisha hesabu. Akanyoosha. Nami nikanyoosha. Kisheria tulikuwa tumeridhia. Tangu siku hiyo sihesabu kampuni kuwa ya wazi kwa sababu tu imefanya mkutano; nataka kitabu kinifikie wiki tatu kabla, nami nifungue kwanza maoni ya mkaguzi wa nje, kisha mtiririko wa fedha taslimu, na hotuba ya mwenyekiti niiache mwisho.

Haya si ya Tanzania peke yake. Soko la Nairobi lilifungua dirisha lake la kampuni ndogo, GEMS, mwaka huohuo wa 2013, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa Home Afrika, kwa shilingi 12 za Kenya kwa hisa. Bei ikapanda mwanzoni, kisha ikaporomoka hadi chini ya shilingi moja na kukaa huko kwa miaka. Wenzetu waliona hasara yao kwenye kioo kila siku. Ni uchungu, lakini nadiriki kusema kwamba hali hiyo ina heri kuliko bei iliyosimama, kwa sababu mtu alijua alipo.

Gharama nazo zisisahaulike. Kamisheni ya dalali pamoja na ada za soko na za msimamizi hufikia takribani asilimia 2 ya fedha unaponunua, na kiasi kama hicho unapouza. Kwa hiyo hisa uliyonunua kwa 500 na kuiuza kwa 500 imekula hasara ya shilingi 20 kabla hujahesabu mfumuko wa bei wa miaka uliyoishika.

Kwa mizani yangu, huduma ya dirisha hili upande wa kununua ni nzuri, na upande wa kuuza ni duni mno kwa mtu wa kipato cha kawaida. Anayefaa kununua ni yule ambaye fedha hiyo hataihitaji kwa miaka kumi, ambaye fedha hiyo haizidi sehemu ndogo ya akiba yake yote, na ambaye amebakiza kingine cha kununulia hisa mpya zitakapotolewa. Ada ya mtoto, fedha ya matibabu na ya kumalizia nyumba zisiingie humo hata kidogo. Kabla ya kujaza fomu, mwulize dalali swali ambalo mimi sikuliuliza: mwezi uliopita ziliuzwa hisa ngapi za kampuni hii, na maombi ya kununua yaliyopo leo ni mangapi? Akishindwa kukujibu, au jibu likiwa sifuri, umepata tathmini bora kuliko hii yangu.

Ninalo pia ombi kwa wanaosimamia soko na kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Pembeni ya kila bei katika orodha ya kila siku iandikwe tarehe ambayo hisa hiyo iliuzwa mara ya mwisho, kwa maandishi yanayolingana na ya bei yenyewe. Ni safu moja tu ya ziada. Ningeiona safu hiyo ningetafuta ada mahali pengine mapema, badala ya kukopa mwezi Februari kwa riba.

Ombi langu la kuuza lilikaa sokoni miezi miwili kabla mtu hajanunua hisa 1,400 kwa bei ya 500. Mwezi Mei nilikubali kushusha hadi 390, nikauza 2,600. Zilizobaki ni hisa 6,000, na katika daftari langu nimezifutia thamani ya shilingi milioni 3 niliyokuwa nimeiandika, nikaweka idadi yake tu.